Breki ya mtutu kwenye .308

Breki ya mtutu ni kifaa chenye matundu kinachofungwa kwenye ncha ya mtutu wa bunduki ili kupunguza teke. Toa risasi zote, chomoa bolti, kisha pima hesi ya mtutu kabla ya kununua breki. Bunduki nyingi za .308 (aina ya risasi) za Marekani ni 5/8-24 (kipenyo cha inchi 5/8, nyuzi 24 kwa inchi); za Ulaya mara nyingi M14x1 au M15x1 (kipenyo cha mm 14 au 15, nafasi ya mm 1 kati ya nyuzi). Ukilazimisha isiyolingana, hesi ya mtutu ndiyo inayokufa.

Bana mtutu wenyewe kwenye jiliwa, katikati ya vipande vya mbao. Usibane risiva (sehemu inayoshika mtutu na bolti), maana spana itaupeleka mzigo wote kwenye kiungo chake na mtutu. Zungusha breki kwa mkono hadi igote. Matundu ya breki yakikaa mshazari, ongeza washa nyembamba mojamoja mpaka spana iyasawazishe kwa takriban Nm 30. Chungulia kutokea nyuma: tundu la kupitisha risasi kwenye breki likienda upande, risasi itagusa breki. Baada ya hapo lenga upya darubini, na ziba masikio. Teke hupungua, kelele huongezeka mno.