Vanila: ua la asubuhi moja tu

Wenye vanila Mukono na Kasese, Uganda, nyuki wasiwadanganye. Wanazunguka maua kweli, ila chavua haifiki: kati ya sehemu ya kiume na ya kike kuna kiwambo chembamba kama ulimi. Mmea ni wa Mexico, na wachavushaji wake walibaki huko. Hapa kazi ni ya vidole.

Ua hufunguka alfajiri, mchana linanyauka. Anza saa moja, saa tano uwe unamaliza. Chana mdomo wa ua kwa kijiti cha kuchokolea meno, inua kiwambo, kisha kwa kidole gumba bonyeza taratibu chavua ya njano inate chini yake. Mvua ikinyesha, subiri. Chavua iliyolowa hainati vizuri.

Siku chache baadaye, ua lililoshika linanyauka lakini limeng'ang'ania. Lililokosa linaanguka ukiligusa.

Shada moja, chavusha maua 8 hadi 10, ya upande wa chini ili maganda yaning'inie wima. Tamaa ya kuchavusha yote huzaa vijiganda vyembamba na mmea uliochoka. Kuvuna? Takriban miezi 9 baada ya kuchavusha.