Nimefunga bloa kwenye jiko la asali ya tembo, nyusi zinaota taratibu

Walioniona mwezi uliopita nazunguka maduka ya spea Ngamiani, Tanga, kuulizia bloa ya AC ya gari wakadhani mwenzao nimenunua gari, sijanunua gari jamani. Bloa nilikua naitafutia jiko, tena jiko la kuni, lile la kupikia asali ya tembo, yani tembo tamu la mnazi linachemshwa mpaka liwe zito kama sirapu, shambani kwa mjomba kule Tongoni, na naandika hapa mara moja tu maana kila nikipita naulizwa nyusi zimeenda wapi.

Mjomba anagema minazi kama 20 hivi, anapanda alfajiri na jioni, anachonga karara, lile ua la mnazi ambalo halijafunguka, kidogo na kotama yake, kisu cha kugemea, anarudisha kibuyu anashuka. Asubuhi tunapata tembo tamu lita 30 na ushee. Sasa tatizo la tembo kila mtu wa pwani analijua, halikusubiri. Kwa joto la huku ukiliacha mpaka adhuhuri linaanza kutoa povu lenyewe bila moto, hapo sukari inageuka kileo, na likishafika huko hata ulichemshe vipi asali inatoka kidogo af ina ukakasi. Na nyumbani kuna bi mkubwa, yeye neno lake ni moja, asali sawa, tena Ramadhani ndo anaitaka kwelikweli ya chapati za maji, ila tembo likishachacha lisivuke kizingiti chake. Kwahiyo kwetu sisi kupika haraka sio mbwembwe, ukichelewa umepika kitu kingine.

Na tulikua tunachelewa. Karai juu ya mafiga, moto unalamba pembeni wote unaenda kupasha hewa, unaanza saa 2 asubuhi mpaka saa 9, saa 10 jioni bado uko hapo macho mekundu, na ile ndoo ya pili iliyokua inasubiri zamu ishaanza kunong'ona.

Siku moja nikawa naangalia video za wenzetu wa Vermont kule Marekani na Quebec kule Kanada wanavyopika sirapu ya mti wa maple, ule wenye jani lililoko kwenye bendera ya Kanada. Yani wale wana kazi kuliko sisi. Maji ya mti wao yana sukari asilimia 2 tu hivi, kwahiyo wanachemsha kama lita 40 wapate lita 1, wakati tembo letu lina kama 12 mpaka 16 na kwa lita 6 au 7 tushapata lita yetu. Wao msimu wao wiki chache tu, mwisho wa baridi, usiku barafu mchana kajua, na pamoja na hiyo baridi yote bado wanakimbizana na muda! Ndo nikaona wanavyopika, sinia kubwa bapa juu ya jiko refu lililozibwa pande zote, dohani kwa nyuma, na wengine wamefunga bloa inapuliza chini ya moto. Nikasema hii nayo si ni mvukuto wa mhunzi tu, umepewa umeme.

Tukaanza na jiko lenyewe. Matofali ya kuchoma, udongo wa kichuguu, chanja ya nondo katikati, chini yake chumba cha jivu, mlango wa bati zito. Sinia ni shiti ya stenlesi, fundi akakunja futi 2 kwa 3, kina inchi 6. Hapa niseme kitu, fundi alitaka kutuwekea shiti ya gavanaizi eti bei chee, nikakataa kabisa, ile zinki haitakiwi kwenye chakula, na kwenye moto mkali inatoa moshi mbaya unaumwa homa siku hiyohiyo. Hata mabomba ya upepo nilichukua bomba jeusi. Basi kwa sinia na jiko la kuziba tu, bila bloa, tukatoka kupunguza lita 4 kwa saa mpaka kama lita 9, maana mvuke unatokea juu ya uso wa maji na moto unaingilia chini, ukivipa nafasi vyote viwili kazi inaenda. Ningeishia hapo mngeniona nina akili.

Sikuishia. Bloa nikaipata kwa elfu 25, ya volti 12, nikaunga na betri ya gari inayochajiwa na sola ya mjomba, nikachomeka bomba chini ya chanja nikafungulia yote. Wee! Moto ulilia kama lori linapanda mlima, mimi nacheka, mjomba anarudi nyuma taratibu. Dakika chache dohani imekua nyekundu pale shingoni na juu zinatoka cheche kama fataki, na banda letu limeezekwa makuti. Sikumbuki nani alichomoa waya, nakumbuka mjomba yuko juu ya paa na ndoo, mtu wa miaka 60 na kitu, kazoea kupanda ndo kilichotuokoa. Kaja kushuka ananiangalia tu. "Mjomba, tumekuja kupika asali au kurusha roketi?"

Na kilichoniuma zaidi nilipopima, kuni zilienda karibu mara mbili ila sinia lilichemka kidogo tu zaidi ya mwanzo. Ndo nikakaa kutafakari. Upepo ukizidi unausukuma moto wote kwenye dohani kabla haujatulia chini ya sinia, joto linaenda kuwapasha kunguru. Af kuni ikipata joto inatoa gesi, ule moshi mweusi ndo gesi ambayo haijaungua, ni kuni ulizonunua zinapaa hivyo zinaondoka. Upepo wa chini unaunguza kaa, hiyo gesi inataka hewa yake huku juu.

Kwahiyo tukafanya hivi, bomba likagawanywa. Moja likabaki chini ya chanja ila lina kipande cha bati cha kulibana, limefunguliwa kama robo. La pili likapanda pembeni mwa jiko likaingia juu ya moto, nimelitoboa tundu za milimita 6 mstari mmoja, zinapuliza kukatisha juu ya ndimi za moto. Siku ya kwanza kulijaribu moshi wa dohani ulikata, yani unaona joto linatetema tu hewani hamna moshi, na moto ukatambaa chini ya sinia mpaka mwisho kabisa. Lita 15 kwa saa! Kuni zikarudi zilezile za zamani. Tembo la asubuhi saa 4 na nusu linaelekea mwisho. Paa la makuti juu ya jiko tumetoa hata hivyo, tumeweka bati, mjomba hataki mjadala.

Kuni nazo zina heshima yake. Sio magogo, unapasua zilingane na kifundo cha mkono, kavu, mvinje ni tamu sana, mkanju sio mbaya, vifuu vya nazi ukiweka kidogo kidogo vinawaka kama mafuta. Unaongeza kila dakika 8 mpaka 10 bila kujaza. Mikoko hapana, msinitafutie kesi. Na ukitaka kufungua mlango ZIMA BLOA KWANZA, hesabu mpaka tano ndo ufungue. Nyusi zangu ziliondoka siku nilipofungua kwanza.

Povu likipanda tone la tui linalishusha, wale wa maple wanatumia siagi, kitu kilekile. Ila mwisho wa mapishi bloa ni adui, ikibaki kidogo kwenye sinia inaungua kwa nusu dakika ukigeuka tu, tulishachoma lita 2 hivyo nikamwambia mjomba ni upepo wa bahari. Sasa ikishakua nzito kiasi tunaihamishia sufuria, tunamalizia jiko la mkaa taratibu mpaka ipite joto la maji yanayochemka kwa digrii 4 hivi, huku pwani inakua kama 104.

Juzi betri imeisha katikati, upepo ukakata kaa zikabaki nyekundu palepale juu ya chanja, nondo mbili zikapinda. Kumbe ule upepo wa chini ndo ulikua unazipoza. Nimeagiza nondo nene zaidi, Jumamosi fundi anakuja. Bi mkubwa yeye kaniuliza tu lita 5 zake ziko wapi.