Vidonda vya tumbo, mimba ya miezi mitano na mawe mawili chini ya kitanda

Kila aliyesikia nina vidonda vya tumbo na mimba juu yake alikuwa na dawa yake. Jirani wa hapa Igogo aliniletea shubiri kwenye chupa ya soda, kumbe mjamzito hatakiwi hata kuionja. Nilimwaga migombani. Wifi yangu ndiye aliyenipata. Alivuka na kivuko cha Kamanga, galoni ya maziwa mkononi: "Kunywa wifi, haya yanafunika kidonda."

Nikanywa. Jamani, nusu saa ya kwanza ni peponi! Nikampigia simu kumshukuru. Saa saba usiku moto ukarudi na ndugu zake wote. Nikaongeza kikombe, ukapoa, ukarudi. Hadi adhana ya alfajiri galoni limekwisha, nimekaa jikoni nimekumbatia ndoo. Baadaye daktari akanicheka: maziwa yanapoza kidogo, halafu tumbo linamwaga asidi zaidi kuyasaga.

Kliniki nesi akaniuliza swali ambalo wapenda ushauri wote hawakuniuliza: "Mama, unameza nini kingine?" Nikaona aibu. Mgongo ulikuwa unanikata, nikawa nachukua diklofenaki za mume wangu. Alishika kichwa. Dawa hizo zinachimba vidonda, na mimba ikishakua si salama kwa mtoto pia. Nikahamia panadol.

Kipimo cha choo kikaonyesha bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo. Pamoja na dawa yenyewe ilinitoka kama elfu thelathini hivi, boda sikuhesabu. Nikaandikiwa omeprazo ya kupunguza asidi, moja asubuhi kabla ya kula, na dawa nyeupe ya maji ya kupoza. Za kuua bakteria daktari alisema zisubiri nijifungue. Ile nyeupe usiinywe pamoja na vidonge vya damu, inavizuia kufyonzwa. Mimi niliviachanisha saa mbili tatu.

Vidonge hivyo vya damu nusura viniue kwa presha. Siku moja nakuta choo cheusi tii. Nilishaambiwa choo cheusi ni kidonda kinavuja, basi nikapanda boda na khanga moja, nalia barabara nzima. Wakanipima: damu 11 na kitu, kidonda hakivuji. Madini ya chuma ndiyo yaliyopaka rangi. Hata hivyo nesi alinisifu kwa kukimbilia hospitali, kikiwa cheusi usikae nyumbani kubahatisha.

Usiku kilibaki kiungulia, mtoto anasukuma tumbo juu. Hapa najisifu. Mwanza mawe hatununui; nikaokota mawili bapa mlimani, nikayaweka chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Mto peke yake unakunja tumbo tu. Nikalala ubavu wa kushoto, usingizi mpaka asubuhi. Mume wangu ndiye aliyeteseka: kila alfajiri namkuta ameporomoka, miguu inaning'inia nje ya chandarua, mbu wamemla. Akaniuliza, "Mama Fulani, tunalala au tunateleza?"

Chakula sikubagua sana. Sato wa kuchemsha, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kidogo kidogo mara tano kwa siku, na baada ya saa moja usiku siweki kitu mdomoni. Pilipili niliiacha kwa machozi.

Nilijifungua salama, nikamaliza na zile za bakteria wiki mbili, mdomo una ladha ya msumari. Mawe yako uani, mama mkwe anasugulia visigino.