Nakuja, huku naondoka

Nimerudi nyumbani hoi lakini usingizi hauji, kuna kitu kimenikaa kichwani tangu asubuhi na nisipokiandika hapa ntalala nacho.

Jana magharibi wageni wangu wawili, mume na mke watu wazima kutoka Uingereza, wamenipigia kuulizia boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kutazama kobe. Mie na nahodha tushamalizana tangu adhuhuri, bei tumekubaliana, advansi kashika, tukutane naye asubuhi pale Forodhani. Nkamjibu yule bibi kwa kujiamini kabisa, "Don't worry, I will meet the captain in the morning." Kimya. Kisha akauliza taratibu, kwani bado hujapanga naye? Kha! Nikaanza kuapa kwenye simu kama nimesingiziwa wizi.

Leo tukiwa ndani ya boti ndo mumewe, alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu, akanifahamisha kwamba ningesema "I'm meeting the captain" mkewe angelala kwa raha, maana hiyo -ing inaonesha jambo lishapangwa na watu wawili wanalijua. Ile "I will" yangu aliisikia kama nimeamua palepale, simu iko sikioni.

Sasa mie skuli nilifundishwa will ni "-ta-", basi, mshale mmoja ubaoni na tukaambiwa tunakili. Hakuna aliyetwambia kwamba wenyewe wana njia kadhaa na kila moja na shughuli yake. Simu ikalia ukaamua kuinuka hivyo hivyo uiendee, I'll get it. Ukiona wingu jeusi limejikusanya kule baharini, hiyo ni it's going to rain kwa sababu dalili unaiona kwa macho yako. Boti ya Pemba, the boat leaves at seven, yani haijaondoka lakini wanaisema kama jambo la kila siku kwa vile iko kwenye ratiba. Na hiyo seven ni saa moja yetu, hapo nshamchelewesha mtu siku moja lakini tuyaache hayo.

Kinachonitesa zaidi mie ni kwenye "when". Nimewaandikia wageni miaka yote "when I will arrive I will call you", kumbe ile will ya kwanza haitakiwi, ni when I arrive. Lakini utanilaumu vipi na kwetu ni nitakapofika nitakupigia, ta mbili, na moja imevaa nguo kamili.

Ndo nikashtuka. Ni-taka-pofika. A-taka-yekuja. Ile taka imo humo humo ndani, "-ta-" yetu inatokana na kutaka! Nkamwambia mzee, akacheka akasema will nayo zamani ilikuwa ni kutaka, na Mjerumani mpaka leo akikwambia "ich will" anakwambia nataka. Nimekaa kwenye boti nimetoa macho, kumbe sie na wao sote tulianzia kwenye kutaka, isipokuwa wao wakazidi kugawa, hili la dalili, hili la mpango, hili la sasa hivi, na sie kazi nyingi tukaibebesha ta yetu moja, mengine tukayaachia inshaallah. Ukimsikia mtu wa mjini anavyoivuta hiyo inshaallah yenyewe unajua kama fundi anakuja kesho au haji abadan.

Halafu tumefika kisiwani, nikataka kuwanunulia maji, nkawageuzia mgongo nkasema "I'm coming!" Yule bibi akabaki kunitazama navyokwenda zangu. Akaniuliza niliporudi, ulikuwa unakuja wapi? Eti inatakiwa niseme I'll be right back. Nimemueleza kwamba sie ndo tunavyoaga, mtu anatoka mlangoni anasema nakuja, na ukisema naondoka watu watauliza kuna nini, nani kakuudhi. Hili kwa kweli siliachi, grama na iende zake.

Kesho nawapeleka msitu wa Jozani. Usiku huu nimemwandikia yule bibi, nimefuta mara mbili nikaandika tena, "I'm picking you up at eight, inshaallah." Kajibu kwa neno moja tu la Kiswahili: "Nakuja."

Sasa sijui ndo kakubali au ndo kaniaga.