Gigi Proietti, sauti iliyolelewa na klabu za usiku

Kuna ile sehemu ya mwisho ya filamu ya kwanza ya Rocky, yule bondia, jamaa kashapigwa mpaka uso umevimba, waandishi wamemzonga na maswali na maiki zao, yeye hana habari nao kabisa anamwita tu mpenzi wake. Kwa Kiingereza anaita Adrian. Kwa Kiitaliano huyo dada anaitwa Adriana, na ile "a" ya mwisho inavutwa mpaka unahisi pumzi inamwishia. Sasa iyo sauti ya Kiitaliano sio ya Stallone anaeonekana kwenye skrini, ni ya Gigi Proietti, mwigizaji na mwimbaji wa Roma, na toka siku niliyoisikia nimekua nikimfuatilia huyu mzee, basi leo acha niandike kidogo.

Kazaliwa Roma tarehe 2 Novemba 1940. Utotoni kakulia Tufello, mtaa wa watu wa kawaida huko kaskazini ya mji, akaja kujiandikisha kusoma sheria pale chuo kikuu cha La Sapienza na hakumaliza. Mchana mwanafunzi, usiku kabeba gitaa anaimba kwenye klabu za Roma, watu wanacheza, wanakunywa, wanaongea, na yeye juu ya jukwaa anatafuta namna ya kuwafanya wageuze shingo. Mi naamini kila kitu alichofanya baadae kimetoka hapo. Ukiimba mbele ya watu ambao hawajaja kukusikiliza wewe unajifunza haraka lini unyanyue sauti, lini uishushe, lini unyamaze kabisa mpaka ukumbi mzima ujiulize kuna nini.

Na yeye mwenyewe hakuisahau ile miaka. Mwaka 1995 alipanda jukwaa la Sanremo, lile shindano kubwa la nyimbo la Italia, pamoja na Peppino di Capri na Stefano Palatresi, wakajiita Trio Melody, wimbo wao unamwambia mtu we utajua nini kama hujawahi kupiga baa za piano. Wakati huo alikua staa nchi nzima, angeweza kuimba mapenzi kama wengine, akachagua kuimba usiku wake wa zamani.

Jina lilianza kupanda 1970. Pale Teatro Sistina Roma kulikua na mchezo mkubwa wa nyimbo, Alleluja brava gente, kazi ya Garinei na Giovannini. Domenico Modugno, huyu mwimbaji wa ule wimbo wa Volare, alijitoa na nafasi yake akapewa Proietti, kijana ambae watu wengi hawamjui, anasimama jukwaa moja na Renato Rascel aliyekua mkongwe. Watu wakatoka wanaulizana huyu ni nani. Miaka sita baadae akaja na kitu chake mwenyewe, A me gli occhi, please, alichokiandaa na Roberto Lerici, kikachezwa kwenye hema la Teatro Tenda. Mtu mmoja, sanduku la vifaa na bendi, anaimba, anasimulia, anageuka mzee, anageuka mlevi, anarudi kuimba.

Sasa tuje kwenye kuingiza sauti, yaani kumfanya mwigizaji wa kigeni aongee Kiitaliano kwenye filamu, maana hapa ndo naumia nikisikia mtu anasema ni kusoma tu karatasi. Italia hii kazi ina mizizi mirefu, serikali ya kifashisti ilipiga marufuku filamu zinazoongea lugha za kigeni kuanzia 1930, kwahiyo ilibidi kila mgeni afundishwe Kiitaliano, na hata utawala ule ulipoanguka watu walishazoea, ufundi ukabaki. Mwigizaji anasimama mbele ya stendi yenye karatasi, studio ina giza, kwenye skrini kinapita kipande kifupi cha filamu. Icho kipande wanakiita pete, kwasababu zamani mkanda ulikatwa ukaungwa ncha kwa ncha ukawa unazunguka, mtu anarudia anarudia mpaka ikae. Mdomo wa kwenye skrini ukifunga kwa "m" au "b" na wewe inabidi ufunge, ukifunguka ufunguke, na bado maneno ya Kiitaliano mara nyingi ni marefu kuliko ya Kiingereza na mdomo wa yule hausubiri. Kwa maneno mengine unaingia kwenye pumzi ya mtu mwingine na unatakiwa usikike kama ni pumzi yako. Huo ni muziki jamani. Mwimbaji wa klabu anaefuata ngoma huku anawaangalia watu usoni ameshaifanya hiyo kazi miaka kabla hajaingia studio.

Na kafanya wengi kweli, paka Silvestro wa kwenye katuni, waigizaji wa Marekani kama De Niro kwenye Casino, Brando, Hoffman, na uzeeni akawa yule mchawi Gandalf kwenye filamu za The Hobbit baada ya Gianni Musy, aliyekua na sauti ile mwanzo, kufariki. Rocky alimfanya ile ya kwanza tu, kuanzia ya pili akachukua Ferruccio Amendola, ambae kwa Waitaliano wengi ndie Stallone. Amendola namheshimu sana ila kwa ule ukelele wa Adriana mi nabaki na Proietti.

Lakini kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni jini wa Aladdin, ile katuni ya 1992. Robin Williams, aliyekua sauti ya jini kwa Kiingereza, alikua anatunga vitu palepale studio na wachoraji wakamfuata yeye, kwahiyo Proietti anakuta mdomo umeshachorwa kwa mwendo wa mtu mwingine, haraka ajabu, na inabidi achekeshe kwa lugha nyingine bila kuchelewa hata nukta. Halafu kaongea na kaimba yeye mwenyewe, wakati kwenye toleo hilohilo la Kiitaliano Aladdin ana mtu wa kuongea na mwingine wa kuimba. Sikiliza pale jini anapotoka kwenye maongezi kuingia kwenye wimbo, mshono huuoni.

2003 alishiriki kuanzisha ukumbi wa maigizo wa mbao ndani ya bustani ya Villa Borghese huko Roma, umejengwa kwa mfano wa ule Globe wa Shakespeare wa London, akauongoza mpaka mwisho. 2019 Aladdin akarudi na waigizaji wa kweli, jini sasa ni Will Smith mwenye sauti ya mtu mwingine, na Proietti kapewa kuwa Sultani. Nilivyomsikia anaongea taratibu kama baba mwenye nyumba nilinyamaza kwa muda.

Akafariki tarehe 2 Novemba 2020, siku aliyotimiza miaka 80. Ulikua wakati wa korona, watu hawakuruhusiwa kujazana, ila jeneza lilipitishwa kwenye ule ukumbi wake wa mbao Villa Borghese kabla ya kwenda kanisani, na wale wa barabarani walimpigia makofi. Na Tufello, mtaa aliokulia, wakamchora ukuta mzima wa jengo.