Siku moja maishani mwangu: mshauri raia kwenye kliniki ya jeshi

Saa 12:30 asubuhi

Mwezi wa saba mwaka 2025, na huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania baridi haina huruma. Napita getini na kitenge juu ya sweta, naonyesha kitambulisho, mlinzi ananiuliza, "Sista, umeamkaje?" Mimi si askari. Ni muuguzi mshauri wa mradi wa VVU ndani ya hospitali ya jeshi, na mshahara wangu tangu nianze unatoka Marekani. Ni fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI uliotangazwa na Rais George W. Bush mwaka 2003. Sehemu inayokwenda kwenye majeshi hupitia Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Naandika kuhusu siku yangu kwa sababu watu wakisikia misaada imekatwa, wanauliza kama dawa zimeisha. Dawa zipo. Kilichopungua ni watu.

Saa 1:30

Natoa mafaili ya wateja wa leo. Zamani yangekuwa yameshapangwa mezani na vijana wa takwimu. Hao walipewa barua za kusitishiwa kazi mapema mwaka 2025, baada ya amri ya Januari 20 iliyosimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Baadaye kilikuja kibali cha kuendelea na tiba inayookoa maisha, lakini kibali hakikuwarudisha. Kwa hiyo faili natafuta mwenyewe, huku mtu amekaa ananisubiri.

Saa 2:00

Benchi limejaa, na wengi ni raia: akina mama wa vijiji vya jirani, madereva wa malori yaendayo Tunduma, wake wa askari kutoka kota. Hospitali za jeshi nchini kwetu zinatibu raia pia. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchi nzima, lakini Mbeya 9.6 na Njombe 12.7. Hapa kwetu hakuna ukuta kati ya afya ya kambi na afya ya mtaa. Wanakunywa baa zilezile, wanaoana.

Saa 3:15

Anaingia kijana wa jeshi, amevaa kiraia. (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.) Amekuja kuchukua majibu ya wingi wa virusi. Virusi vimefubaa, havionekani kwenye kipimo. Namwambia anameza vizuri, na kwamba akiendelea hivi hatamwambukiza mwenza wake kwa kujamiiana. Anainama kidogo, anashusha pumzi.

Halafu anauliza: "Sista, ukiondoka wewe, nitakuwa naongea na nani?"

Swali hilo ndilo kazi yangu yote. Jeshini kila mtu ana cheo, na kila mwenye cheo ana mkubwa wake. Tabibu wa kambi ni mtu mwema, lakini naye amevaa gwanda, na kesho huyu kijana atampigia saluti. Atamwelezaje kwamba alikuwa na mwanamke mwingine alipokuwa kozi? Kwamba mkewe hajui? Mimi sina cheo. Siandiki ripoti ya nidhamu, siendi naye paredi, sinywi naye mesi. Ananiambia mambo ambayo hawezi kumwambia mtu ambaye kesho atamwita afande. Wiki iliyofuata baada ya mazungumzo kama hayo ndipo mke huja kupima. Namna hiyo ndiyo maambukizi yanavyozuiwa, na kwenye bajeti iliandikwa "ushauri nasaha", kwa hiyo ikaonekana kitu kinachoweza kusubiri.

Saa 6:00 mchana

Simu za watoro, maana yake wateja waliopitisha tarehe ya kliniki. Kwa askari utoro mara nyingi ni uhamisho: amri imetoka ghafla, ameondoka na begi, kadi ya kliniki imebaki kwenye kota. Wengine wako operesheni. Zamani mhudumu wa ngazi ya jamii angekwenda hadi nyumbani. Sasa nina simu tu, na vocha natoa mfukoni.

Inaniuma nikikumbuka bei. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulitangaza kwamba dozi ya TLD, dawa ya kufubaza VVU ya kidonge kimoja kwa siku, imeshuka chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka mzima. Kidonge ni rahisi. Kumjua mtu aliyeacha kukimeza, kumpata, na kumrudisha bila kumwaibisha mbele ya wenzake, hiyo ndiyo gharama.

Saa 8:00

Somo kwa askari wanaojiandaa kwenda kulinda amani nje. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 1308 kuhusu UKIMWI na walinda amani mwezi Julai 2000, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema dunia haikujua. Nazungumzia kondomu, tohara, kujipima. Mmoja anauliza kuhusu dawa kinga, PrEP, ambayo mtu asiye na VVU hutumia ili asiambukizwe. Namjibu ukweli: kibali cha Februari kiliruhusu fedha za Marekani zinunue dawa kinga kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kijana wa miaka 24 anayekwenda kukaa mbali na nyumbani, anayeomba mwenyewe kujikinga, hayumo.

Na hii imetokea mwaka ambao Shirika la Afya Duniani limependekeza lenacapavir, sindano ya kinga ya mara mbili tu kwa mwaka. Kwa askari anayehamahama hakuna kinga inayomfaa zaidi. Naomba tusiikose.

Saa 10:00 jioni

Kikao kifupi na daktari mfawidhi. Mkataba wangu unaishia Septemba, mwisho wa mwaka wa fedha wa Marekani.

Saa 2:00 usiku

Nyumbani, watoto wamelala. Nafikiria tozo ambazo Waziri wa Fedha alizipendekeza bungeni mwezi Juni, kwenye pombe na vingine, ili kugharamia UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Naziunga mkono kwa moyo wote; askari wetu hawakupaswa kutegemea bunge la nchi nyingine miaka yote hii. Ila fedha hizo zikinunua dawa peke yake, tutajaza stoo na kupoteza watu. Washauri raia waingizwe kwenye ikama ya hospitali za jeshi, walipwe na Serikali. Daktari ameandika kuomba nafasi mbili. Jibu bado.