IPB, ALL-I na fremu 25: kuandaa DSLR kwa harusi na mahojiano

Watu huanza na swali la kamera gani wanunue. Kwa kazi za harusi, sendoff na mahojiano, video nyingi mbovu hazikuharibiwa na kamera. Zimeharibiwa na menyu iliyoachwa kama ilivyotoka dukani, kadi ya bei ya kutupa, na maiki. Hapa nitatumia Canon 80D kama mfano. Ilitoka 2016, sasa hupatikana kwa mtumba, ina tundu la maiki na la hedifoni, na autofokasi yake ya Dual Pixel haihangaiki mtu anaposogea. Haina 4K. Kama mteja wako ataitazama harusi yake kwenye simu na TV ya sebuleni, hilo lisikukoseshe usingizi.

Kabla ya chochote, ingia kwenye menyu uhakikishe mfumo wa video ni PAL, unaorekodi fremu (picha moja moja za video) 25 au 50 kwa sekunde. Kamera za mtumba zilizotoka Marekani au Japani mara nyingi hukaa kwenye NTSC, ambayo inakupa fremu 30 na 60 kwa sekunde. Umeme wetu Tanzania na Kenya, na vilevile Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ni wa hezi 50, kwa hiyo taa inayoufuata hupiga mara 100 kwa sekunde. Shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde inakamata mapigo mawili kamili; ya 1/100 inakamata moja kamili. Ya 1/60 inakamata moja na theluthi mbili, na hapo ndipo balaa linapoanza: fremu moja inang'aa, inayofuata inafifia, na kwenye ukuta mweupe wa ukumbi inatembea mistari ya giza. Kuiondoa wakati wa kuhariri ni kazi ngumu, na matokeo yake huwa ya kubahatisha. Basi weka fremu 25 na shata 1/50 kwa kazi ya kawaida, fremu 50 na shata 1/100 kwa vipande vya mwendo wa taratibu. Aliyeko Oman atumie hivyohivyo. Aliyeko Saudia, Marekani au Kanada yuko kwenye hezi 60, arudi NTSC na shata 1/60.

Jenereta ni jambo jingine. Likielemewa, hezi zake hushuka, na mistari inajitokeza ukiwa kwenye 1/50 ileile iliyokuwa safi dakika kumi zilizopita. Taa za rangi za DJ nazo hazifuati umeme, zina mapigo yake. Nyingi hutulia zikipandishwa mwanga hadi mwisho, maana kupunguza mwanga ndiko kunakozifanya ziwake na kuzima kwa kasi. Muombe DJ kabla wageni hawajaingia. Akikataa, jaribu shata nyingine ukitazama skrini, na uchague isiyoonyesha mistari.

Sasa fomati. 80D inakupa njia mbili kuu za kurekodi 1080p. ALL-I hurekodi faili la MOV na kuibana kila fremu peke yake, kwa takriban megabiti 90 kwa sekunde. IPB hurekodi MP4. Huhifadhi fremu chache nzima, nyingine zote huhifadhi tofauti tu na zile za jirani yake. Kwa fremu 25 inatumia kama megabiti 30, kwa fremu 50 kama 60. Kadi ya GB 64 inabeba ALL-I ya saa moja na nusu hivi, au IPB ya fremu 25 ya zaidi ya saa nne na nusu.

Imani iliyoenea ni kwamba ALL-I ndiyo ya kitaalamu na IPB ni ya wavivu. Mimi sikubaliani nayo. Zote mbili ni za biti 8 na rangi 4:2:0, yaani zina ngazi chache za mwanga na rangi iliyopunguzwa, kwa hiyo kivuli kinachokatika vipandevipande kwenye ukuta kitakatika pote. Mtu aliyeketi anahojiwa, kamera iko kwenye tripodi, sehemu kubwa ya picha haibadiliki: IPB inaimudu bila shida, na utapata taabu kuzitofautisha. ALL-I inajilipa kwenye mambo mawili. Kwanza, picha ikibadilika yote kwa wakati mmoja, mfano makaratasi ya kung'aa yakirushwa maharusi wanapoingia, au kamera ikizungushwa haraka. Hapo IPB huanza kutoa vijiboksi. Pili, kompyuta ya zamani huhariri ALL-I kwa wepesi, kwa sababu haitakiwi kukusanya fremu kadhaa ili ionyeshe moja. Hili la pili lina dawa nyingine: DaVinci Resolve na programu nyingi za kuhariri hutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi, kisha hurudi kwenye faili halisi wakati wa kutoa. Kwa hiyo: ibada, hotuba na mahojiano, IPB ya fremu 25. Kuingia ukumbini na kukata keki, ALL-I kama kadi inaruhusu. Ile IPB iliyoandikwa Light, ya megabiti 12 hivi, iache kabisa. Nafasi unayookoa utailipa kwenye nyuso.

Kuna kikomo pia: dakika 29 na sekunde 59, kisha kamera inasimama yenyewe bila kelele. Kwenye ibada ndefu usisubiri ifike huko. Simamisha na uanze upya watu wanapokaa au kwaya inapojipanga, siyo padri anapouliza kiapo.

Kadi nayo huchanganya watu kwa namba kubwa ya mbele, ambayo kwa kawaida ni kasi ya kusoma. Unachotafuta ni alama ya V30 au U3, yaani haiandiki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde. ALL-I inahitaji kama 11; Class 10 inaahidi 10 tu. Ndiyo maana kamera huonyesha kipimo pembeni mwa skrini, kikajaa, na kurekodi kukakatika katikati ya shangwe. Kadi za bandia ni ugonjwa mwingine: imeandikwa GB 128, ndani ina 16, na ikijaa inaandika hewa. Ijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya kazi. Inachukua muda mrefu. Iache iendelee ukiwa umelala.

Kwa rangi, chagua Picture Style ya Neutral, punguza kontrasti kidogo na ukali uweke sifuri. Mitindo ya kufifisha picha kupita kiasi ili "urekebishe baadaye" haifai kwa biti 8. Ukiivuta, ngozi nyeusi inatoka na madoa ya kijivu na kijani kwenye mashavu. Pima mwanga kwa uso wa bibi harusi, halafu angalia shela. Shela likianza kupoteza mikunjo yake, punguza kidogo, lakini usilifuate hadi uso ukawa giza. Mizani ya rangi iweke kwa Kelvin, yaani kwa namba unayoichagua mwenyewe, usiiache otomatiki, la sivyo picha itageuka rangi kila taa ya DJ inapobadilika.

Lenzi ya 18-135 inatosha nje, lakini ukivuta karibu tundu lake linajibana hadi f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na ukumbi unakuwa giza. Ndani ningechukua Sigma 17-50 ya f/2.8. Nje saa sita mchana, kwa ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 na shata 1/50, jua litakudai f/22. Ukitaka f/2.8 unahitaji kupunguza mwanga mara 64, yaani kichungi cha ND64. Nunua kimoja kizuri cha milimita 77, halafu ringi za kukifunga kwenye lenzi ndogo zaidi. Vile vya kuzungusha vya bei rahisi hutoa msalaba mweusi angani ukivifikisha mwisho.

Sauti ndiyo ningeipa pesa kabla ya lenzi ya pili. Zima upimaji wa sauti wa otomatiki. Ukiuacha, kila kimya cha hotuba kinapandisha mvumo wa feni. Weka maiki ya kubana kwenye koti la bwana harusi ikiwa imeunganishwa na rekoda ndogo mfukoni, WAV ya 48 kHz, sauti kubwa zaidi ikiishia karibu na −12 dB. Ya MC ichukue kwenye tundu la REC OUT la mikseri, ukiiingiza kwenye rekoda kama laini (line), yaani mkondo wenye nguvu kuliko wa maiki. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kamera itakwaruza, na hakuna atakayeinyoosha. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili uoanishe.

Ukienda kukagua 80D ya mtumba, usibabaishwe na idadi ya picha ilizopiga. Kwenye video shata hukaa wazi muda wote. Chomeka maiki, vaa hedifoni, tikisa plagi: ikichacha, tundu limelegea. Zungusha skrini ikiwa inawaka uone kama inazimika. Funika lenzi, panda ISO 3200, rekodi dakika moja, kisha tafuta nukta nyeupe au nyekundu zisizohama. Mwisho iache irekodi mfululizo hadi ikatike yenyewe. Ikizima kabla ya dakika 29, jaribu tena kwa betri yako mwenyewe kabla hujatoa pesa.